Zamu ya Cheryl

Watu wa nyumbani huwa hawaamini nikiwaambia Doha kuna baridi. Wanajua joto tu, lile la Julai linalolainisha soli ya kiatu. Lakini Januari, upepo ukivuma siku tatu mfululizo kutoka jangwani, hivi vyumba vya chini vilivyojengwa kwa kuogopa jua vinakuwa kama ndani ya friji. Vigae vinauma nyayo. Nguo ulizoanika ndani hazikauki. Msichana akitoka kazini anatafuta kitu kimoja tu, joto. Hapo ndipo nataka kila mama mwenye mtoto huku anisikilize, kwa sababu mimi ndiye niliyewapelekea wasichana wetu hilo joto.

Naitwa Nyanchama. Nina miaka saba Doha, ni mpishi katika nyumba moja ya Muaither. Binti yangu Melissa alinifuata miaka miwili iliyopita, anatandika vitanda hotelini, na kampuni yake haitoi malazi, kwa hivyo alipanga chumba Al Thumama na wasichana wawili. Mmoja ni Pamela, anayemtunza mzee mgonjwa nyumbani kwa watu. Wa pili ni Cheryl, sekyuriti wa zamu ya usiku kwenye duka kubwa. Ni hao watatu tu.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa nusu ya sebule ya vila. Mwenye kupangisha alipitisha ukuta wa mbao katikati, akaacha mlango mmoja na dirisha moja, na juu ya dirisha ile eisi ya kizamani ya kupoza hewa, inayochomoza nje. Kulikuwa na kitanda kimoja cha chini na deka moja, kitanda cha ghorofa. Kila kitanda kilikuwa na pazia lake, maana mkiishi watatu chumba kimoja, pazia ndiyo nyumba yako. Cheryl alilala juu kwenye deka. Kwa sababu yeye hulala mchana, pazia lake lilikuwa jeusi, zito, linaloanzia darini mpaka kwenye godoro. Ukiingia humo usipoambiwa, huwezi kujua kuna mtu juu.

Nyimbo za baridi zilianzishwa na Pamela, mwaka juzi. Siku eisi inapozimwa kwa msimu, kila mmoja anataja wimbo mmoja, na huo ndio unakuwa wake mpaka eisi iwashwe tena, Machi hivi. Kila Ijumaa baada ya magharibi wanaziimba zote kwa zamu. Wimbo ukishaanza hakuna kutoka, hata chooni, mpaka wa mwisho uishe, kwa sababu mlango ukifunguliwa joto la watu linatoka. Nami waliniingiza. Nikipewa ruhusa Ijumaa nilikuwa naenda, nikikosa napigiwa simu, naimba nikiwa jikoni.

Wa Pamela ulikuwa wa kanisani kwao, wenye makofi mengi. Alisema unapasha mikono. Wa Melissa ulikuwa rumba ya zamani ambayo marehemu baba yake aliipenda redioni, beti tatu: ya kwanza mume anapanda treni, ya pili barua inafika, ya tatu mume anarudi. Melissa anaujua wimbo huo tangu hajaota meno ya pili. Wangu ulikuwa ule tuliouimba tukichuma chai Kericho, mimi nikiwa msichana, na baadaye nikimfundisha yeye likizoni. Ni wimbo wa kazi. Mmoja anatoa mstari, wengine wanajibu "tia kapuni", halafu anayeongoza anasema "songa", na mstari mzima wa watu unasonga kichaka kimoja mbele.

Wa Cheryl ndio ulikuwa wa mwisho siku zote. Ulikuwa wa mwethya, wa wanawake wa kwao Machakos wakichimba matuta shambani. Bila mtu wa kuitisha hauimbiki. Na Cheryl alikuwa haamshwi kwa mkono. Wenzake walianza kiitikio taratibu, naye akiwa bado nyuma ya pazia anaitisha kwa sauti yake nene ya kulala, na hapo wanajua ameamka. Niliwahi kumwambia yeye ni jogoo anayewika kitandani. Akanijibu kwamba jogoo wa Muaither ndiye mbaya, anawika kabla hata ya mwizi kufikiria kuja.

Alikuwa ananitania hivyo kwa sababu ya wasiwasi wangu, na sina haki ya kukasirika. Mimi nina wasiwasi. Niliogopa nimonia, niliogopa wavulana, niliogopa pombe, niliogopa Melissa kushushwa na teksi mahali pasipo taa. Nilikuwa nampigia asubuhi kumuuliza kama amevaa soksi. Sikuogopa makaa.

Sasa ilivyokuwa ni hivi. Wiki ya pili ya Januari Melissa alianza kukohoa. Hita hawakuruhusiwa, kwa sababu ikiwashwa umeme wa vila yote unakatika, na mlinzi wa vila alikuwa ameshachukua hita mbili kutoka vyumba vingine na kuzifungia. Alikuwa pia amelalamika kuhusu nyimbo. Mtoto wa chumba cha juu alikuwa halali, na mwenye nyumba hakutaka kelele zisikike barabarani. Nikasikia hayo mawili, kikohozi na lalamiko, nikaona dawa yake ni moja.

Ijumaa nilipopata ruhusa nikaenda na mzigo. Nilibeba blanketi mbili nzito, selotepu ya upana wa kiganja, na matambara. Nikaziba pembeni mwa eisi, mahali palipokuwa na nafasi ya kupitisha vidole vinne. Nikabandika karatasi ya nailoni juu ya eisi yote. Nikatundika blanketi moja dirishani, nikaizungushia selotepu pande zote nne. Ile nyingine nikaikunja ndefu kama nyoka, ya kuweka chini ya mlango. Nilifanya kazi safi. Melissa alisimama katikati ya chumba, akasema hata sauti yake mwenyewe anaisikia tofauti, kama yuko ndani ya chungu. Nikafurahi.

Halafu nikatoa makaa. Familia ninayoipikia huenda kupiga kambi jangwani kila baridi, na walikuwa wamenunua jiko jipya la chuma, hili la zamani wakataka kulitupa. Lilikuwa la mviringo, lenye miguu mitatu. Nililiomba, nikapewa, pamoja na nusu gunia la makaa mazuri magumu, yasiyotoa moshi wala cheche.

Pamela ndiye aliyeuliza kama haitakuwa hatari. Nikamwambia awashe nje, uani, asubiri mpaka makaa yote yawe mekundu na moshi uishe kabisa, ndipo aingize. Nikamwambia nimelea watoto wanne kando ya jiko, Nyansiongo kwenye baridi ya kugandisha maji, na hakuna aliyekufa.

Cheryl alikuwa ametoa kichwa kwenye pazia, nywele zimefungwa kitambaa. Akatazama dirisha, akatazama mlango.

"Mama Melissa," akasema, "humu ulivyoziba hata mbu hapati pa kuingilia. Huo moto utapumulia wapi?"

"Utapumulia kwako huko juu," nikamjibu. "Si wewe ndiye unalala saa zote? Uamke kidogo uupepee."

Tukacheka sote, na yeye mwenyewe akacheka mpaka deka ikatikisika. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Aliuliza swali la haki, nami nilikuwa na jibu la kuchekesha.

Kitu ambacho sikufikiria ni kwamba nyumba yetu ya Nyansiongo ilikuwa ya mabati na mbao. Upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango, unatokea juu ya ukuta. Usiku ukilala unaona nyota mbili tatu kwenye matundu ya misumari. Nyumba ile ilikuwa inapumua yenyewe, sisi tukidhani ni makaa ndiyo mazuri. Hapa ukuta ni saruji, na pale palipokuwa na tundu nilikuwa nimepaziba kwa mikono yangu. Makaa mekundu hayana moshi, hiyo ni kweli. Yana kitu kingine ambacho hakionekani wala hakinuki, kinachokunyang'anya akili kwanza kabla hujajua umeibiwa.

Ijumaa ya kwanza walitumia makaa kidogo, mlango ukafunguliwa mara mbili, hawakuona kitu. Pamela aliamka na kichwa kikimuuma, akasema ni uchovu. Nikamwambia anywe maji. Ishara yenyewe ilikuwa hiyo. Ilikuja, ikabisha hodi, nikaipa maji ya kunywa.

Ijumaa iliyofuata upepo ulizidi. Nyumba ninayofanya kazi walikuwa na wageni, sikupata ruhusa. Baada ya adhana ya magharibi simu ikaita, nikaiweka kwenye spika juu ya kabati, karibu na sufuria ya wali, nikaendelea kukata vitunguu. Melissa aliniambia jiko limejaa makaa, chumba kina joto mpaka wamevua sweta. Cheryl amelala, ana zamu saa nne. Mlango umeshazibwa. Nikamwambia vizuri.

Pamela akaanza. Wimbo wake unajulikana kwa makofi, yanaenda mbio kama mvua ya mawe. Siku hiyo makofi yalianza vizuri, kisha yakawa nyuma ya sauti. Kofi linakuja baada ya neno. Halafu yakawa machache. Halafu Pamela akaacha kupiga makofi kabisa, akamaliza wimbo kwa kunong'ona. Nikadhani amechoka, kwa sababu mzee anayemtunza ni mzito na humgeuza peke yake.

Tukaimba wangu, mimi nikiongoza kutoka jikoni. Wakajibu "tia kapuni" mara chache. Sauti ilikuwa moja, ya Melissa.

Kisha akaingia kwenye rumba yake. Ubeti wa kwanza, treni inaondoka. Ubeti wa pili, barua inafika. Nikawa nasubiri wa tatu, ule anaoupenda, maana ndipo sauti hupanda. Akarudia barua inafika. Nikainua kichwa kutoka kwenye vitunguu. Akamaliza ubeti huo, akavuta pumzi, barua ikafika mara ya tatu, polepole, maneno yakishikana mwisho. Hakujua amerudia. Mtoto aliyeimba wimbo huo akiwa na miaka mitano juu ya mabega ya baba yake.

Nikajua kuna kitu. Na sasa msikilize nilichofanya na kujua kwangu. Nikadhani ni pombe.

Nikanyakua simu nikamuuliza wamekunywa nini, na nani amewaletea. Melissa akacheka, kicheko kirefu kisicho na sababu, kikanithibitishia. Nikamsema. Nilimkumbusha baba yake, nikamkumbusha karo, nikamwambia nitamrudisha nyumbani kwa ndege ya kwanza. Niliongea sana. Yeye alikuwa ananijibu mbali, kwamba hawajakunywa chochote, kwamba anasikia kichwa kama kimefungwa kamba, kwamba Pamela ametapika kidogo kwenye beseni na sasa amelala chini kwenye kigae, anasema kigae ni kizuri. Mama mwenye akili angesikia. Mimi niliendelea kusema.

Kilichonikata mdomo ni Melissa kuanza kiitikio cha Cheryl. Alianza tu, katikati ya matusi yangu, kwa sababu zamu ilikuwa imefika na sheria ni sheria. Akaimba kiitikio mara moja, akanyamaza. Nasi tukasubiri ile sauti nene ya nyuma ya pazia.

Haikuja.

Akaimba tena. Nilisikia upepo wa kwangu kwenye dirisha la jikoni, na wali ukitokota. Kwao sikusikia kitu.

"Cheryl leo amegoma," Melissa akasema. "Wacha alale."

"Mwamshe," nikamwambia.

"Ana zamu, Mum."

"Mwamshe kwa mkono, Melissa. Panda."

Nikasikia chuma cha deka kikilia. Kikalia tena. Alichukua muda mrefu sana kupanda ngazi ya vidaraja vitatu. Kisha akarudi kwenye simu akasema, kama mtu anayeeleza habari ya jirani, kwamba amemtikisa na Cheryl amekuwa mzito, na mashavu yake ni mekundu mazuri kama amepaka kitu. Kisha akasema, "Mum, miguu yangu haitaki."

Basi hapo ndipo nilipoyaona makaa. Niliyaona kabisa kama yako mbele yangu, mekundu, hayana moshi, kwenye jiko langu, chini ya dirisha langu.

Nikapiga kelele afungue mlango. Akasema ndiyo, hakuenda. Nikapiga kelele tena. Akasema ndiyo Mum, kwa adabu, kama anavyosema ndiyo nikimwambia avae soksi, na nikasikia anakaa chini. Kumtisha hakukusaidia. Maneno yalikuwa yanamfikia lakini hayakuwa na mikono ya kumshika. Sijui ni nani aliyenipa wazo. Nikaanza wimbo wa kuchuma, kwa sauti ya shambani, ile ya kufika mwisho wa mstari.

Majani mawili na chipukizi.

Akajibu. Chini sana, lakini akajibu, tia kapuni.

Songa.

Nikasikia kitu kinaburuzika kwenye kigae.

Umande ungali majanini. Tia kapuni. Songa. Mnyapara hajaamka. Tia kapuni. Songa. Madamu wangu aliingia jikoni kuona ni nani anayepiga mayowe, na wageni nyuma yake. Sikunyamaza. Kati ya mstari na mstari nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni, ambacho ni majina ya vitu tu. Binti yangu, faham, ndiyo makaa. Musakkar, imefungwa. Dirisha wao pia wanaita dirisha. Alielewa kabla sijamaliza. Watu wa hapa wanajua, kila baridi wanaonywa juu ya makaa kwenye hema. Akashika kichwa, akapiga 999 kwa simu yake, akaniuliza mahali, akaniuliza ni wangapi.

Nikamjibu, binti yangu.

Hilo nimeliandika kama nilivyolisema.

Ilimchukua Melissa mistari kumi na moja kufika mlangoni. Chumba chenyewe hatua zake ni sita. Nilisikia akiivuta ile blanketi niliyoikunja. Nilisikia kitasa. Kisha nikasikia upepo mkubwa kwenye simu, na kitu kizito kikianguka, na baada ya hapo hakunijibu tena hata nilipoita.

Kwenye korido kulikuwa na Mganda mmoja, Wesley, dereva wa malori, anakaa chumba cha pili. Alikuwa anatoka kuoga. Akamkuta Melissa nusu ndani nusu nje. Nikasikia sauti ya mwanamume ikiita watu, miguu ikikimbia, kikohozi. Kisha simu ikaokotwa.

"Nani huyu?" akauliza.

"Mimi ni mama yake. Anapumua?"

Akasema msichana wa mlangoni anapumua. Nikamwambia amlaze ubavu. Nikamwambia amfunike, kuna upepo. Nikamwuliza midomo yake ina rangi gani. Nikamwambia ambulensi inakuja, asimame barabarani na tochi. Nikamwomba amwekee simu sikioni, akaiweka, nikamwita Melissa, nikamwita, mpaka nikasikia "Mum" yenye mate. Nikalia. Madamu alinishika bega. Wesley akarudi kwenye simu akiwa anahema, akasema ameingia na kitambaa puani, amemtoa na yule aliyekuwa sakafuni, jiko amelitupa uani.

"Tulia, mama," akaniambia. "Nimewatoa wote wawili."

Nikasikia hilo neno, wawili.

"Wako watatu," nikamwambia. "Kuna mwingine juu. Nyuma ya pazia."

Nilisikia tu viatu vyake vikikimbia.

Dereva wa nyumba alinipeleka hospitali. Melissa na Pamela walikuwa wamevalishwa vinyago vya oksijeni, wanatazama taa. Waliwekwa siku tatu. Pamela amerudi kazini, ingawa anasema bado anasahau majina ya dawa za mzee, huandika kwenye kiganja. Melissa yuko nami kwa ruhusa ya madamu, kwenye chumba changu cha nyuma, mpaka apate nguvu. Anakula. Rumba yake hajaiimba, sijamwomba.

Cheryl alikaa kwenye mashine siku mbili. Jumapili alasiri akatuacha. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Nilimwuliza daktari, kupitia muuguzi Mkenya, kama zile dakika kabla sijamtaja zingebadilisha kitu. Muuguzi alimsikiliza, akaniambia daktari anasema hawezi kusema. Huenda Cheryl alikuwa ameshapita mbali wakati wimbo wa kwanza unaimbwa, kwa kuwa alikuwa amelala na hakuna wa kumwona akibadilika. Huenda hapana. Nikataka aseme moja. Akasema hawezi.

Simu zetu hizi zinaandika kila kitu. Melissa alikuwa akirekodi nyimbo za Ijumaa ili tuzisikilize joto likirudi, na ile rekodi iliendelea mpaka mwisho. Nimeisikiliza mara moja tu. Kutoka Wesley anapouliza nani huyu, mpaka mimi ninaposema wako watatu, ni dakika nne kasoro kidogo. Katika dakika hizo nimemtaja Melissa mara kumi na tisa. Nimetaja upepo. Nimetaja tochi. Nilikuwa nimeambiwa kwa masikio yangu kwamba Cheryl haamki, mimi ndiye niliyeamuru aamshwe, na jina lake halimo.

Wenye vyumba vingine pale vilani walikuwa wameshakubaliana la kusema. Kwamba marehemu ndiye aliyewasha, kwamba alikuwa na desturi hiyo. Walisema marehemu haumii, na walio hai wana vibali vya kulinda. Pamela alikataa. Nami nikasema kwa polisi ukweli wa makaa, yalikotoka na nani aliyeziba. Hiyo haikuwa ngumu kama nilivyodhani. Polisi aliandika.

Ngumu ilikuwa Machakos. Mama yake Cheryl alinipigia mwenyewe, siku mwili ulipopata karatasi za kusafiri. Ana sauti ile ile nene, nilishtuka. Hatukuwahi kuongea. Alinisalimia kwa heshima, akanishukuru kwa kuwa mama wa watoto wetu huko mbali, akasema Cheryl alikuwa akimsimulia habari za mama wa Muaither mwenye wasiwasi, na wakicheka. Nikaona asiendelee. Nikamwambia makaa ni yangu. Dirisha ni mimi. Nikamweleza swali la Cheryl na jibu nililompa.

Akauliza, "Alipotolewa mtoto wako, wangu alikuwa wapi?"

"Juu kitandani."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ulimtaja lini?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Mtu yeyote angeniamini, hata yeye, kwa hali niliyokuwa nayo. Nikamwambia dakika nne.

Nilisikia watu nyuma yake, matanga, viti vikipangwa, mtu akiulizia majani ya chai. Nilidhani atanilaani na nilikuwa tayari kupokea.

"Mama Melissa," akasema mwishowe, "wasichana wetu wamejaa kwenye hivyo vyumba. Waandikie mama zao. Waambie habari ya makaa, waache dirisha wazi hata kama ni baridi ya namna gani, mtu akiumwa kichwa watoke nje wote. Hayo watayashika. Lakini usiandike hayo peke yake. Andika na zile dakika, ili siku mtu akiokota simu na kuuliza, mama atakayekuwa upande wa pili aseme kwanza wako wangapi."